Kifaa kimoja, wanafunzi wengi: Jinsi programu za kujifunzia pamoja zinavyobuniwa

WITEITHIE ni jina la lugha ya Gikuyu lenye maana ya ‘jisaidie’. Kitongoji chenyewe kiko kando ya Barabara Kuu ya Thika, kati ya Juja na mji wa Thika, na ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu. Mwendo mfupi kutoka hapo, mjini Juja, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambacho kwa ushirikiano na kampuni ya Positivo BGH kilikabidhiwa sehemu ya kazi ya kuunganisha vishikwambi vya wanafunzi wa shule za msingi za umma chini ya mradi wa serikali uliozinduliwa mwaka wa 2016.

Vifaa hivyo vilinuiwa kutumiwa na mtoto mmoja mmoja. Hata hivyo, katika vitongoji vinavyokua kwa kasi kama Witeithie, ambako watoto ni wengi kuliko vifaa, kishikwambi kimoja aghalabu huzungukwa na wanafunzi wanne au watano. Mmoja hukishika, wawili humchungulia begani, na waliosalia husubiri kengele ilie. Mwisho wa kipindi programu huandika alama moja, ambayo huhesabiwa kuwa ya yule aliyeingia kwa jina lake au, vibaya zaidi, ya wote.

Kasoro hiyo haitokani na uchache wa vifaa pekee. Inatokana pia na programu iliyobuniwa kana kwamba mbele ya skrini kuna mtu mmoja. Kuna tawi zima la elimu linaloshughulikia suala hili, yaani jinsi ya kubuni programu zinazowawezesha wanafunzi kufanya kazi kama kundi. Makala haya yanaeleza misingi yake na yale ambayo mzazi, mwalimu au mbunifu wa programu nchini anaweza kunufaika nayo.

MAANA YAKE

Programu ya kujifunzia pamoja ni ile iliyobuniwa ili wanafunzi wawili au zaidi wafanye kazi moja, wajadiliane kuihusu, na wafikie uelewa ambao pengine hakuna hata mmoja wao angeufikia peke yake.

Si kila programu inayotumiwa na watu wengi huingia katika kundi hili. Programu inayowapa wanafunzi 40 zoezi lilelile la hesabu, kila mmoja kwenye skrini yake, huwafunza sambamba wala si kwa pamoja. Vivyo hivyo, huduma ya kutumiana ujumbe kwenye rununu huwaunganisha watu, lakini haiwapangii kazi wala haiwasaidii kuikamilisha.

Kadhalika, kuna tofauti kati ya kugawana kazi na kushirikiana. Wanafunzi wakigawana sehemu za insha, kila mmoja akaandika yake nyumbani, kisha wakaziunganisha asubuhi kabla ya mwalimu kuingia, wamegawana kazi. Wanaposhirikiana, sentensi ya mmoja huulizwa na mwenzake, hutetewa, hurekebishwa, na mwishowe huwa mali ya kundi. Programu nzuri huwasukuma wanafunzi kuelekea hali hii ya pili.

CHIMBUKO LA FIKRA HII

Kwa upande wa elimu, msingi uliwekwa na mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyeishi kati ya 1896 na 1934. Alishikilia kuwa kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyafanya peke yake lakini huyaweza akisaidiwa na mtu mzima au mwenzake anayejua zaidi, na kwamba hapo hasa ndipo mafunzo hutokea.

Kwa upande wa teknolojia, siku inayokumbukwa sana ni Desemba 9, 1968, jijini San Francisco, Marekani. Mhandisi Douglas Engelbart aliuonyesha umma jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali unaokaribia ule wa Nairobi hadi Thika, walivyoweza kuona na kurekebisha maandishi yaleyale huku wakizungumza na kuonana kwenye skrini.

Mikondo hiyo miwili ilikutana katika miaka ya 1980 jijini Toronto, Kanada, ambako Marlene Scardamalia na Carl Bereiter waliunda mfumo ulioitwa CSILE kwa ajili ya madarasa ya shule. Wanafunzi waliandika maelezo mafupi katika hifadhi moja, wakasoma ya wenzao na kuyajibu. Mfumo huo, ambao baadaye uliendelezwa kwa jina Knowledge Forum, uliwapa watoto vianzio vya sentensi kama vile ‘nadharia yangu ni’ na ‘ninahitaji kuelewa’, ili wasiishie kuandika ‘nakubali’ au ‘vizuri’. Kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu taaluma hii lilifanyika mwaka wa 1995 mjini Bloomington, Indiana, nchini Marekani.

METHALI MBILI ZINAZOPINGANA

Wahenga walituachia methali mbili ambazo mbunifu wa programu hizi hana budi kuziweka zote mezani. Ya kwanza ni kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili ni manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kundi la wanafunzi laweza kwenda njia yoyote kati ya hizo, na mara nyingi huharibiwa na maradhi mawili.

Maradhi ya kwanza ni kutegea. Mwaka wa 1913, mhandisi wa Ufaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanaume waliovuta kamba pamoja walitoa nguvu ndogo, kila mmoja, kuliko alipovuta peke yake, na kwamba kadiri kundi lilivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mtu ulivyopungua. Yeyote aliyewahi kushiriki kazi ya kikundi shuleni hahitaji maelezo zaidi.

Maradhi ya pili ni kuhodhi. Mwanafunzi hodari, au mwenye mkono mwepesi, hukamata kifaa na kufanya kila kitu. Wengine hawakatai, kwani kazi inakwenda na alama zitapatikana. Wanachokosa ni kujifunza. Programu inayotuza kasi huchochea maradhi haya, kwa kuwa njia ya haraka zaidi ya kupata jibu ni kumwachia anayelijua.

KAZI ISIYOWEZEKANA PEKE YAKO

Kanuni ya kwanza ya ubunifu ni kuipanga kazi yenyewe ili kila mwanafunzi awe na kitu ambacho wenzake wanakihitaji. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianza kutumia mbinu hii mwaka wa 1971 mjini Austin, Texas, katika shule ambazo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weusi, Weupe na wale wenye asili ya Mexico, na ambako uhasama ulikuwa mkubwa. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto akapewa kimoja, na hakukuwa na njia ya kulielewa somo lote ila kwa kuwasikiliza wenzake.

Tuchukue mfano wa somo la mazingira katika eneo la Thika. Mwanafunzi wa kwanza anapewa habari za Mto Chania pekee, wa pili Mto Thika, na wa tatu Mto Ndarugu. Kisha programu inauliza: Kati ya mito hii mitatu, ni upi ambao maji yake hayafiki Mto Tana? Aliye na Chania anajua tu kuwa mto wake hujiunga na Thika. Aliye na Thika anajua kuwa wake humwaga maji katika Tana. Aliye na Ndarugu anajua kuwa wake huingia Athi. Hakuna mmoja anayeweza kujibu, na hakuna anayeweza kutegea, maana akinyamaza kundi zima hukwama.

ZAMU NA MAJUKUMU

Kanuni ya pili ni kugawa majukumu na kuyabadilisha. Mmoja huwa mwandishi, mwingine muulizaji, wa tatu mhakiki, na baada ya muda uliowekwa programu huwataka wabadilishane. Kwenye kifaa kimoja, hili laweza kufanywa kwa njia rahisi: jina na picha ya mwenye zamu huonekana juu ya skrini, na hatua inayofuata haifunguki hadi mwenzake athibitishe kuwa amepokea kifaa.

Hata hivyo, mwongozo ukizidi huua kile ulichokusudiwa kukilea. Mtafiti wa Uswisi Pierre Dillenbourg alionya mwaka wa 2002 dhidi ya programu zinazowapangia wanafunzi kila neno na kila hatua, hadi mazungumzo yao yakageuka maigizo. Shauri linalofuatwa na wabunifu wengi ni kutoa mwongozo mwingi mwanzoni, kisha kuupunguza kidogo kidogo kundi linapozoea.

KUONA NANI AMEFANYA NINI

Kanuni ya tatu ni kundi kujiona. Programu yaweza kuonyesha mchango wa kila mmoja kwa rangi, au kuhifadhi historia ya maandishi ili mwalimu aone sentensi ipi iliandikwa na nani na lini. Huko Uswisi, kikosi cha Dillenbourg kiliunda meza yenye vinasa sauti na taa zilizowaka kulingana na kiasi alichozungumza kila aliyeketi, ili msemaji mno ajione na mnyamavu aonekane.

Lakini yafaa tahadhari. Kinachohesabika si lazima kiwe ndicho chenye thamani. Mwanafunzi aliyeandika maneno 300 yenye makosa atang’aa kwenye chati kumliko yule aliyeuliza swali moja lililoliokoa kundi. Kwa sababu hiyo, takwimu hizi hufaa kuwa kianzio cha mazungumzo kati ya mwalimu na kundi, wala si alama za mtihani.

HERUFI ZINAPOGONGANA

Ndani ya programu za aina hii kuna tatizo la kiufundi ambalo mtumiaji hulisahau pindi linapotatuliwa. Ni lipi hutokea watu wawili wanaporekebisha maandishi yaleyale kwa wakati mmoja kwenye vifaa tofauti?

Tuseme kundi limeandika: “Ndarugu huingia Tana.” Mwanafunzi wa kwanza anaongeza neno “Mto” na nafasi moja mwanzoni, yaani herufi nne kwa hesabu ya tarakilishi. Papo hapo, wa pili anagundua kosa na kuiagiza programu ianzie nafasi ya 17, ifute herufi nne za “Tana” na kuandika “Athi”. Agizo hili likifika kwenye kifaa cha kwanza baada ya neno “Mto” kuongezwa, nafasi ya 17 si mwanzo wa “Tana” tena. Matokeo ni “Mto Ndarugu huinAthiTana.”

Suluhisho la kwanza, lililoelezwa na Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka wa 1989, ni kulibadilisha agizo kabla ya kulitekeleza. Kwa kuwa herufi nne zimeongezwa mbele, 17 hugeuzwa kuwa 21, na sentensi hubaki salama. Huduma za kuandika pamoja mtandaoni, kama vile Google Docs, zilijengwa juu ya fikra hiyo.

Suluhisho la pili, lililopewa umbo kamili mwaka wa 2011 na watafiti wakiongozwa na Marc Shapiro wa Ufaransa, ni kuipa kila herufi kitambulisho chake cha kudumu badala ya kuitambua kwa nafasi yake. Uzuri wa njia hii ni kuwa vifaa vyaweza kufanya kazi bila kuwasiliana kwa saa nyingi, kisha vikakutana na kupatanisha maandishi yao bila msimamizi. Kwa shule ambako stima hupotea na intaneti hununuliwa kwa kipimo, hilo laweza kuamua iwapo somo litaendelea au litaahirishwa.

KIFAA KIMOJA KWA WENGI

Pale ambapo hakuna vifaa vya kutosha, mfano wenye mafunzo makubwa unatoka India. Watafiti wa kampuni ya Microsoft mjini Bangalore waliona jinsi watoto wa vijijini walivyojazana mbele ya tarakilishi moja huku mwenye kipanya akitawala. Mnamo 2006 walieleza mfumo uliowawezesha kuunganisha vipanya kadhaa kwenye tarakilishi moja, kila mtoto akiwa na mshale wa rangi yake.

Jambo la ajabu ni kuwa vipanya pekee havikutosha. Katika majaribio waliyochapisha mwaka wa 2007, programu iliposonga mbele kwa kubofya kwa mtoto wa kwanza, haraka ilishinda tafakari, hasa miongoni mwa wavulana. Programu ilipobadilishwa ili isisonge hadi wote wakubaliane kwa jibu moja, watoto waliokuwa kundini walijifunza takriban sawa na yule aliyekuwa na tarakilishi peke yake. Vifaa vilikuwa vilevile na maswali yaleyale. Kilichobadilika ni kanuni moja ndani ya programu.

Hapa Kenya, kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa mwaka wa 2015 sanduku lenye vishikwambi 40 na seva ndogo ya kuhifadhi masomo, linaloweza kuhamishwa kutoka darasa moja hadi jingine bila kutegemea intaneti wakati wa kipindi. Nayo programu ya Kolibri, inayotolewa bila malipo na shirika la Learning Equality la Marekani, hufanya kazi kwenye mtandao wa ndani wa shule na humwezesha mwalimu kuwapanga wanafunzi katika makundi. Masomo yake mengi, hata hivyo, yametungwa kwa ajili ya msomaji mmoja, hivyo kazi ya kuligeuza somo kuwa shughuli ya kundi hubaki mikononi mwa mwalimu.

FUNZO LA MIRADI MIKUBWA

Historia inaonyesha kwamba kifaa hakileti elimu chenyewe. Mradi wa Marekani wa kumpa kila mtoto tarakilishi moja, ulioanza mwaka wa 2005, ulikuwa na programu iliyofikiria ushirikiano tangu mwanzo. Tarakilishi zake ndogo za kijani ziliweza kuwasiliana moja kwa moja, na mtoto aliweza kumwalika jirani kuandika naye. Rwanda ilipokea zaidi ya 200,000. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 kuhusu shule za mashambani nchini Peru haukupata ushahidi kuwa vifaa hivyo viliinua alama za hesabu na lugha.

Kwetu, utafiti uliofanywa Kisumu mwaka wa 2013 ulilinganisha shule ambako vishikwambi vilipewa wakufunzi wa walimu, nyingine walimu wenyewe, na nyingine ambako wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea. Zote zilikuwa na mwongozo uleule wa kufundisha kusoma. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika usomaji, ingawa kuwapa wanafunzi vifaa kuligharimu pesa nyingi zaidi.

Kwa hivyo, zaidi ya vifaa milioni moja vilivyosambazwa katika shule zaidi ya 20,000 nchini ni mtaji tu. Faida yake hutegemea kile ambacho wanafunzi hukifanya navyo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano pamoja na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Programu ya kumjaribu mtoto mmoja kwa maswali ya kuchagua jibu inaweza kuhudumia umilisi wa kidijitali, lakini ule wa ushirikiano hauguswi.

ALAMA NA FARAGHA

Mzazi huuliza, na ana haki kuuliza: Mwanangu atapataje alama zake iwapo kazi ni ya wote? Jibu linaloungwa mkono na watafiti wa elimu ni kuchanganya mawili. Kundi hutuzwa kwa lengo la pamoja, lakini kila mwanafunzi hupimwa peke yake kwa swali fupi baada ya kazi. Katika mfano wa mito, yule aliyepewa Chania ndiye aulizwe kuhusu Ndarugu. Akijibu, kundi limemfunza. Akishindwa, mwalimu anajua kuwa kundi lilipata jibu bila yeye.

Kuna pia suala la habari zinazokusanywa. Programu inayorekodi nani alisema nini na alikosea wapi huhifadhi taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Mwaka wa 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Shule inayonunua programu yafaa ijue seva iko wapi, nani anaweza kuisoma, na data hufutwa lini.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa kamati ya shule au mwalimu anayechagua programu, maswali yafuatayo yanatosha kuanzia. Je, wanafunzi watatu wanaweza kuingia kwa majina yao kwenye kifaa kimoja? Je, kazi yaweza kukamilishwa na mmoja huku wengine wakitazama? Je, programu husonga mbele kwa kasi ya mwepesi au kwa makubaliano ya wote? Intaneti ikikatika katikati ya kipindi, maandishi hupotea? Je, lugha yake inaeleweka na mtoto anayezungumza Kiswahili au Gikuyu nyumbani? Na mwalimu ataona nini mwisho wa siku: alama moja, au njia ambayo kila mtoto aliipitia?

Njia rahisi zaidi ya kupata majibu haihitaji mtaalamu. Wape watoto wanne kifaa hicho kwa dakika 20, kisha usitazame skrini. Tazama mikono na usikilize sauti. Kama mkono mmoja ndio uliogusa kifaa na sauti moja ndiyo iliyosikika, programu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mtoto mmoja, na wale watatu wangali wanasubiri kufunzwa.